Mlango wa nje haushiki kitasa: anzia kwenye bawaba, si kwenye tundu

Unausukuma mlango, unagonga fremu, ukiuachia unarudi. Mafundi wengi wakiitwa kwa tatizo hili hutoa patasi moja kwa moja na kupanua tundu la kwenye mwimo. Siku hiyo ulimi utaingia. Lakini kilichoushusha mlango bado kipo, na utaendelea kushuka mpaka skrubu za kibati, kile cha chuma chenye tundu la kupokea ulimi kwenye mwimo, zikose mbao ya kushika.

Kwanza fungua mlango, bonyeza ulimi wa kitasa kwa kidole gumba, kisha uachie. Unatakiwa kuruka nje wote, kwa kawaida milimita 10 hadi 13. Ukitoka kwa uvivu, legeza kidogo skrubu za mkono wa kitasa ujaribu tena. Zikikazwa kupita kiasi hubana kile chuma cha mraba kinachopita katikati. Kama bado mzito, toa kitasa na ukisafishe vumbi. Usitie mafuta ya kupikia, maana kwa vumbi letu la kiangazi hapa Tabora yatageuka tope ndani. Unga wa risasi ya penseli unatosha. Springi ikiwa imekatika, nunua kitasa kingine. Angalia pia upande uliokatwa mshazari: ndio unaopaswa kukutana na kibati kwanza mlango unapofungwa.

Ulimi ukiwa mzima, upake chaki, funga mlango taratibu, ufungue usome alama kwenye kibati.

Alama ikiwa chini ya tundu, mlango umelala, na hii ndiyo hali ninayoikuta zaidi. Shika mlango upande wa kitasa, unyanyue. Ukiona bawaba ya juu inacheza, kosa liko hapo. Mara nyingi skrubu ziligongwa kwa nyundo badala ya kuzungushwa kwa bisibisi, nyuzi za mbao zikachanika. Weka kabari chini ya mlango ubebe uzito, toa skrubu, jaza tundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, acha usiku kucha, kisha kata usawa. Toboa upya kwa keekee yenye ncha ya milimita 3 na ufunge skrubu ya inchi moja na nusu, namba 10 kama bawaba inaikubali. Ipake nta ya nyuki kidogo, ambayo Tabora haikosekani. Itaingia bila kukatika kichwa. Gonga mwimo kwanza, lakini. Ukilia mtupu, mchwa wamekula ndani, na hakuna skrubu itakayokaa mpaka kipande hicho kibadilishwe.

Kama bawaba zimekaza lakini mlango bado uko chini, weka kadibodi ngumu nyuma ya bawaba ya chini. Kwa mlango wa kawaida wa upana wa sentimita 90, kila milimita 2 za kadibodi huinua upande wa kitasa karibu milimita 1. Bawaba ya kati ipe nusu ya unene huo, la sivyo itavuta. Ikibaki tofauti ya milimita moja au mbili, hapo ndipo tupa inaruhusiwa: piga ukingo wa chini wa tundu la kibati. Zaidi ya hapo, hamisha kibati chenyewe, na tundu la zamani lizibe kwa mbao na gundi.

Alama ikiwa pembeni, kabla ya kufika tundu, mlango haukai ndani sawasawa. Kwangua rangi iliyojikusanya kwenye ukingo wa fremu ambao mlango huuegemea ukifungwa, na tazama kama mlango umepinda.

Chaki isipoacha alama yoyote na mlango ukatikisika, mwanya kati ya mlango na mwimo ni mkubwa. Milimita 3 ni sawa. Ikifika 8, ulimi unashika kwa ncha tu na upepo unaufungua. Hapa ndipo majira yanapowadanganya watu. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hazibadiliki. Mlango ukibana Januari katikati ya mvua, watu hupiga randa. Ikifika Agosti umesinyaa na haufiki tena kwenye kibati. Kwa hiyo mlango unaobana masika mimi huupiga randa milimita moja tu, kisha nasubiri ukauke. Ambao tayari umepungua, weka kadibodi ya milimita 2 nyuma ya bawaba zote tatu kwa unene ule ule, mlango mzima utasogea kuelekea kitasa.

Mninga uliokaushwa vizuri hausumbui hivi, kwa kuwa husinyaa kidogo sana. Mkaratusi mbichi utakuchosha. Vyovyote iwavyo, ukimaliza ushushe mlango na upake vanishi ukingo wa juu na wa chini. Kingo hizo mbili huachwa wazi karibu kila nyumba, na vichwa vya mbao hunywa maji kuliko uso wake.