Umepiga Linux, waifai hamna: usikimbilie kupiga upya

Katibu wa chama kimoja cha msingi huku Mtwara aliniletea laptopu yake mwezi wa kumi, minada ya korosho imeshika kasi. Windows ilikuwa nzito kiasi kwamba ukifungua faili la hesabu chai inapoa ukingoja. Nikampigia Debian 12, aina moja ya Linux, akaondoka anacheka. Kesho yake nafungua kibanda, yuko mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, waifai yangu umeipeleka wapi?"

Kosa langu lilikuwa kumkabidhi mashine bila kujaribu waifai, kwa sababu pale kibandani natumia waya. Yeye usiku ule alishampitia kijana mmoja, akaambiwa apige upya. Ushauri huu unanichosha. Flashi ni ileile, draiva (programu za kuendesha kadi) zilizomo ni zilezile, sasa kitakachobadilika ni nini? Kwanza ujue mnyororo umekatikia wapi. Mimi huanza na amri hii kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri:

lspci -nnk

Kila kifaa kinatokea na namba yake kwenye mabano. Kadi ya yule mzee ilisoma BCM43142, namba 14e4:4365. Hiyo 14e4 ni Broadcom. Ukiona 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel. Ishike namba hiyo, maana jina la laptopu halikusaidii: laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Kisha shuka mstari wa "Kernel driver in use". Kwa mzee haukuwepo kabisa. Maana yake keneli, kiini cha Linux, inaiona kadi, ila haina draiva ya kuiendesha. Kadi nzima, dereva hayupo. Wengine hukuta pale pameandikwa bcma-pci-bridge wakadhani mambo safi. Kwa kadi hii hilo haliwashi waifai. Kama kadi yako ni ya kuchomeka kwenye USB, tumia lsusb, kwenye lspci hutaiona.

Hapa ndipo watu huchanganya draiva na fimwea. Fimwea ni programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe ili iamke. Draiva iko upande wa keneli. Mwaka 2022 watu wa Debian walipiga kura, na tangu Debian 12 ya 2023 fimwea zisizo huria zinakuja ndani ya flashi ya kupigia. Kwa hiyo kadi nyingi za Intel sasa zinawaka zenyewe. Lakini kinachokosekana kwa Broadcom ya mzee ni draiva, inaitwa wl, na hiyo bado iko kwenye hazina ya non-free ambayo lazima uiongeze mwenyewe kwenye /etc/apt/sources.list (bookworm ni jina la Debian 12):

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

Sasa utaniuliza: intaneti sina, hiyo draiva naishushaje? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotispoti, washa kushea kwa USB. Linux inaiona simu kama kadi ya waya, jina lake usb0 au enx na tarakimu nyingi, bila kuweka chochote. Simu ikiwa kwenye waifai ya jirani inashea hiyohiyo, bando lako halikatwi. Hakikisha tu waya unapitisha data. Nyingi za pale sokoni ni za kuchajia tu. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Usisahau hizo headers, mafaili ya keneli ya kujengea, bila hizo moduli, yaani draiva yenyewe, haijengeki. Ya mzee ilijengeka vizuri, nikaandika sudo modprobe wl, ikanijibu "Key was rejected by service". Hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, haikubali moduli isiyo na saini inayoitambua. Unaweza kuizima kwenye BIOS, ila mimi napenda kuisajili funguo iliyoisaini moduli:

sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub

Unatunga nenosiri, unawasha upya, inakuja skrini ya bluu, unachagua Enroll MOK na kuliandika tena. Ikipita haraka usiione, rudia. Mzee aliona majina ya waifai yanajipanga, akauliza kama nimembadilishia kadi.

Kama draiva ipo na bado kimya, tafuta fimwea iliyokosekana kwa sudo dmesg | grep -i firmware, kisha piga rfkill list. "Soft blocked" inaondoka kwa sudo rfkill unblock wifi. "Hard blocked" mara nyingi ni swichi ya pembeni ya laptopu. Na usiitafute eth0, jina la zamani la kadi ya waya, siku hizi utakuta enp3s0 (waya) au wlp2s0 (waifai).

Ukishaunganika lakini kurasa hazifunguki, jaribu ping kwa ruta kabla ya kuilaumu kadi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtu mmoja alipiga Linux mara mbili siku moja. Ruta ilikuwa inamjibu muda wote.

Kuna hitilafu nyingine ni za huku kwetu pwani. Kompyuta moja ya mezani Mikindani ilikuwa na draiva sahihi, r8169, lakini ip link ilisema NO-CARRIER, yaani hakuna ishara kwenye waya, na taa ya tundu la waya haikuwaka. Nikamulika tochi ya simu ndani ya tundu: vile vidole vya shaba vimeota kijani kwa hewa ya chumvi. Mswaki mkavu na spiriti kidogo, nikangoja ikauke, nikachomeka. Taa ikawaka.