Alzheimer's si "uzee tu"
Mzee akipotea njia ya kwake, tunasema ni uzee. Umri huongeza hatari, kweli, lakini Alzheimer's, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumbukumbu, ni ugonjwa. Huko Antioquia, Kolombia, wapo waliorithi hitilafu kwenye jeni ya PSEN1, nao huanza kusahau wakiwa na miaka arubaini na kitu. Umri wa kulipa ada za watoto!

Mwaka 2014, watafiti Doo Yeon Kim, Rudolph Tanzi na wenzao huko Boston, Marekani, walitia hitilafu za kurithi za Alzheimer's kwenye seli za neva za binadamu, wakazikuza ndani ya jeli. Baada ya wiki kadhaa, protini ya amiloidi ikaganda mabonge nje ya seli, na tau, protini nyingine, ikasokotana ndani: alama mbili za Alzheimer's kwenye ubongo. Walipozuia amiloidi kutengenezwa, tau nayo ikapungua. Seli zile hazikuwa na uzee wowote.