Mpopi mweupe wa Matilija hautaki huruma ya maji

Ua la mpopi wa Matilija, mmea wa porini wa California, linaweza kufikia upana wa sentimita 20: petali sita nyeupe zenye mikunjo kama karatasi iliyofinyangwa, katikati tonge la manjano. Shina hupita kimo cha mtu. Jina la kitaalamu ni Romneya coulteri, kwa heshima ya Thomas Coulter, Muairishi aliyeukusanya California miaka ya 1830. Nausifia mmea huu kwa moyo wote, na inaniuma kuona unavyouawa na watu wanaoupenda.

Wanaouua huanza na maji. "Jua ni kali, umwagilie kila siku." Sivyo. Asili ya mmea huu ni kusini mwa California na Baja California ya Mexico, kwenye makorongo na miteremko ya mawe. Huko mvua hunyesha majira ya baridi, kisha kiangazi hupita miezi bila tone. Udongo ukiwa na joto na umelowa kwa pamoja, mizizi huoza. Mche wa mwaka wa kwanza umwagilie kwa kiasi, ukishashika, uache. Mbolea pia hauihitaji.

"Basi ni mmea dhaifu." Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wameuona ukifa mara tu baada ya kupandwa. Ukweli ni kwamba mizizi yake haivumilii kuguswa. Ukiung'oa ili kuuhamishia kona nyingine, uwezekano mkubwa umeupoteza. Lakini uliotulia mahali pake hutambaa chini kwa chini na kuchipua mita kadhaa kutoka pale ulipoupanda, hata upande wa pili wa kijia. Kwa hiyo chagua mahali mara moja tu, penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji, mbali na vitu vidogo usivyotaka vimezwe.

"Mbegu za dukani ni mbovu, hazioti." Mara nyingi ni nzima, ila zimelala zikisubiri moto. Porini huota baada ya vichaka kuungua. Ndiyo maana wapo wakulima wanaozifukia kwenye sinia la udongo, wakatandaza majani makavu ya msonobari juu yake na kuyachoma kabla ya kumwagilia. Asiyetaka moshi huotesha vipande vya mizizi wakati wa baridi.

Wapo wanaodhani mpopi huu ndio unaotoa afyuni, ile dawa ya kulevya: familia ni moja, lakini afyuni hutoka kwa ndugu yake, Papaver somniferum. Wala ua lake si ua rasmi la jimbo la California. Heshima hiyo ilipewa mpopi wa rangi ya machungwa kwa sheria ya 1903.

Na usiogope kisu. Mwishoni mwa majira ya vuli, kabla ya baridi, mashina yakishakauka, yakate yabaki kama sentimita 15 juu ya ardhi. Maua ya mwaka unaofuata hutoka kwenye machipukizi mapya.