Kwa nini tarehe 6 Juni 1944: bamvua, mbalamwezi na fukwe za Normandy

Kila ifikapo Juni husoma makala mpya kuhusu uvamizi wa Normandy, pwani ya kaskazini mwa Ufaransa ambako majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao (Washirika) yaliingia kupigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, na karibu zote humpa mtabiri wa hali ya hewa nafasi ya shujaa. Sina ugomvi naye. Lakini kazi yangu ni kukokotoa majedwali ya maji kupwa na maji kujaa, na kwa jicho la kazi hiyo naona kisa kinaanzwa katikati. Hali ya hewa haikuichagua tarehe 6 Juni katika siku zote za mwaka. Ilichagua siku moja kati ya tatu, na siku hizo tatu zilikuwa zimekwisha kupangwa na mwezi na bahari.

Pwani ya Normandy ina mteremko mdogo sana, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa zaidi, maji hupanda na kushuka karibu mita 6, kiasi kwamba pale mashua ilipoelea saa chache zilizopita hubaki mchanga mtupu wa mamia ya mita. Erwin Rommel, jemadari wa Ujerumani aliyekabidhiwa ulinzi wa pwani hiyo, aliamini kwamba maadui wangeshuka maji yakiwa yamejaa, ili askari wao wawe na mchanga mfupi wa kuvuka chini ya risasi. Hiyo ni hoja ya mwanajeshi, wala si ya kipuuzi. Kwa kuitegemea, aliamuru magogo na vyuma, vingi vikiwa vimefungwa mabomu, visimikwe katika eneo linalofunikwa na maji, vitoboe mashua bila kuonekana.

Ndege za upelelezi zilivipiga picha vizuizi hivyo, nao Washirika wakaipindua hesabu ya Rommel: wangeshuka kama saa moja baada ya maji kufika mwisho wa kupwa, yakiwa yameanza kurudi. Wakati huo vizuizi vingekuwa wazi na askari wahandisi wangeweza kuvilipua. Na kwa kuwa maji yalikuwa yanapanda, mashua iliyokwisha kushusha watu ingeinuliwa na kurudi melini kuchukua wengine, badala ya kukwama mchangani na kugeuka shabaha. Miezi michache kabla, Novemba 1943, Wamarekani walikuwa wameonja uchungu wa hesabu kama hiyo kwenda mrama huko Tarawa, katika Bahari ya Pasifiki: walifika siku za maji mafu, ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, maji hayakuwa na kina cha kutosha juu ya miamba, mashua nyingi zikagota, na askari wakatembea majini mamia ya mita mbele ya bunduki za Wajapani.

Sharti lingine lilikuwa mwanga. Meli zilitaka giza la kuvukia, kisha mwanga wa alfajiri wa kulengea mizinga kabla ya askari kugusa mchanga. Nao askari wa miavuli, waliotangulia usiku, walihitaji mbalamwezi ili marubani waitambue nchi iliyo chini yao. Hapo ndipo mtu wa pwani anapoelewa haraka kuliko mtu wa bara. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapopevuka na unapoandama, na kila mahali bamvua ina saa zake zisizobadilika sana. Wakulima wa mwani wa Zanzibar hawahitaji jedwali langu kujua kwamba siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne. Huko Normandy, maji ya bamvua hupwa karibu na mapambazuko. Kwa hiyo alfajiri ya maji kupwa ilipatikana kila baada ya majuma mawili, lakini alfajiri hiyo pamoja na mbalamwezi ilipatikana mara moja tu kwa mwezi. Kwa Juni 1944 hizo zilikuwa tarehe 5, 6 na 7. Nafasi iliyofuata, ya tarehe 18 hadi 20, ingekuwa ya usiku wa giza.

Hesabu hizo zilifanywa bila kompyuta. Oktoba 1943, William Farquharson wa idara ya ramani za bahari ya jeshi la Uingereza alimpelekea Arthur Doodson, mtaalamu wa kukokotoa maji kupwa na kujaa, huko Bidston karibu na Liverpool, vigezo vya mahali palipotajwa kwa herufi Z tu. Doodson alikuwa na mashine mbili za magurudumu na kapi, ambazo kila kapi yake iliwakilisha sehemu moja ya mvuto wa mwezi au jua, na mashine hizo ziliwekwa katika majengo tofauti ili bomu moja lisiziangamize zote. Namwonea wivu na huruma kwa pamoja. Kwa kuwa maji hujaa upande wa magharibi kwanza, saa za kushuka hazikuwa sawa katika fukwe tano zilizopewa majina ya siri: Utah na Omaha saa 12:30 asubuhi, Gold na Sword saa 1:25, na Juno baadaye kidogo kwa ajili ya miamba yake.

Hapo ndipo anapoingia James Stagg, yule mtabiri wa hali ya hewa. Siku iliyokusudiwa ilikuwa tarehe 5. Upepo na mawingu vikamlazimu Dwight Eisenhower, kamanda mkuu wa Washirika, kuiahirisha, kisha Stagg, akisaidiwa na vipimo kutoka vituo kama Blacksod huko Ireland, akaona mwanya mfupi wa utulivu. Rommel alikuwa amekwenda kwake Ujerumani.

Tarehe 6 Juni waliingia askari wa Washirika wapatao 156,000 kwa bahari na kwa anga. Maji yaliyowasaidia hayakuwa na huruma: huko Omaha wahandisi wengi waliuawa kabla ya kumaliza kazi, njia zilizofunguliwa zikawa chache, na majeruhi waliolala mchangani wakafikiwa na maji yaliyokuwa yakijaa. Hata hivyo, kufikia mwisho wa Juni walikuwa wameshuka zaidi ya watu 850,000, na Ujerumani, iliyoshambuliwa pia na Wasovieti huko Belarus kuanzia tarehe 22 Juni, haikuweza tena kuhamisha nguvu upande mmoja bila kuufungua mwingine. Paris ilikombolewa tarehe 25 Agosti.

Kwa maoni yangu, uzito wa uamuzi wa Eisenhower huonekana zaidi katika kalenda kuliko katika ramani. Tarehe 19 Juni, katikati ya ile nafasi ya pili, dhoruba kali iliingia katika bahari hiyo, ikavuma kwa siku tatu, ikatupa mamia ya vyombo pwani, na kuivunja kabisa bandari ya kuunda ambayo Wamarekani walikuwa wameijenga mbele ya Omaha.