Je, wajua kwa nini jiwe la Mombasa huwa laini machimboni na gumu ukutani?

Jiwe lililojenga Mji wa Kale wa Mombasa ni tumbawe, yaani mabaki ya viumbe wadogo wa baharini waliojijengea makazi ya chokaa, vizazi juu ya vizazi, mpaka yakawa mwamba. Wanajiolojia hukadiria kwamba sehemu kubwa ya mwamba huu ilikamilika kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu zaidi kwa mita kadhaa kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, miamba ya matumbawe ikabaki nchi kavu na kuwa ukanda wa pwani tunaoukanyaga. Ukielekea magharibi, upande wa Changamwe, tumbawe huisha na ardhi hugeuka kuwa mwamba wa tabaka za udongo, usiofaa kwa kazi ya mwashi.

Siri ya ulaini wake imo katika vitundu. Tumbawe lililo ardhini huwa limejaa unyevu, na unyevu huo hubeba chokaa kidogo iliyoyeyuka. Jiwe likitolewa na kuanikwa, maji husogea kuelekea nje na kukauka, na chokaa ile hubaki nyuma ikiziba vitundu vya karibu na uso na kuunganisha chembe za jiwe. Ndiyo maana fundi hulikata na kulichonga lingali bichi, kwa kuwa akilichelewesha hukuta uso umeshupaa.

Mafundi wa zamani walitofautisha aina mbili. Tumbawe la nchi kavu, lenye mashimo na umbo lisilo sawa, lilitumiwa kujaza kuta nene, vipande vikishikamanishwa kwa chokaa. Tumbawe la baharini, lililokatwa likiwa bado bichi kutoka miambani, lilikuwa na chembe laini na za kulingana, kwa hiyo likawekwa kwa kazi ya nakshi: mihirabu, miimo ya milango na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za ndani ya nyumba. Hata vipande vikavu vyenye makwaruzo havikutupwa, maana katika misikiti ya kale ya pwani hii viliwekwa kando ya birika ili mwenye kutawadha asugue nyayo zake.

Lakini jiwe peke yake halisimamishi nyumba, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye ustadi mkubwa zaidi, kwa kuwa gundi ya ukuta ilitoka katika jiwe lile lile. Vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa mpaka vikafikia joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, ambapo hewa ya kaboni hutoka na kuacha chokaa kali. Chokaa hiyo ililowekwa majini, ikachemka yenyewe na kuwa uji mzito, ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ikishatiwa ukutani, huivuta tena hewa ya kaboni polepole na kurudi kuwa jiwe. Upana wa vyumba, kwa upande wake, uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazikuvuka mita tatu. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba misikiti ya mji ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Wareno walioushambulia mji mwaka 1505 waliukuta una nyumba za mawe za ghorofa zilizopakwa chokaa. Si kwamba ujenzi wa mawe ulikuwa mgeni pwani hii, maana huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta msikiti wa matumbawe uliotangulia safari ya Ibn Battuta kwa karne kadhaa. Wareno wenyewe walipojenga Fort Jesus kati ya mwaka 1593 na 1596, walitumia jiwe la hapa hapa: ngome imekaa juu ya mgongo wa tumbawe, na handaki lake la upande wa bara limechongwa katika mwamba huo.

Uchimbaji wa karne ya 20 ulikuwa wa kiwango kingine. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kiliutafuna mwamba ule ule na kuacha mashimo makubwa, ambayo mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971, mivinje ikiwa miongoni mwa michache iliyostahimili.

Saruji hiyo hiyo imegeuka kuwa adui wa nyumba za kale. Ukuta wa tumbawe hunyonya unyevu na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma yake, na jiwe humomonyoka bila kuonekana mpaka lipu inapobanduka kwa mapande. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mawe katika Mji wa Kale anayetaka kuikarabati humhitaji fundi anayejua kuandaa chokaa, hata kama kazi yake huchukua muda mrefu zaidi kukauka.