Malezi ya Kambo Si Kuasili

Mtu akimchukua mtoto asiyemzaa akakaa naye nyumbani, mtaani watasema ameasili. Redioni watasema ameasili. Nimelisikia hilo hata kwenye kikao cha wazazi shuleni, mwalimu akimtambulisha mama mmoja kwa sifa zote anazostahili: "Mama huyu ameasili watoto watatu." Mama huyo ni mlezi wa kambo. Watoto waliletwa kwake na ofisa ustawi wa jamii, wawili kati yao mama yao yu hai, na mipango ya kuwarudisha kwao inaendelea. Hajaasili mtu. Wengi wanaiona tofauti hii kuwa ya wanasheria, lakini anayekuja kuumia nayo ni mtoto mwenyewe, tena akiwa ameshafika miaka 18 na anahangaikia maisha yake.

Maana yenyewe ni fupi. Malezi ya kambo ni utaratibu ambao mamlaka za ustawi wa jamii humkabidhi mtoto kwa familia isiyo ya kwao imlee kwa muda, kwa sababu wazazi wake hawawezi kumlea, hawajulikani walipo, au kuishi nao kunamhatarisha. Tanzania Bara yamo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2012. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, na Kenya imeyaweka katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mama wa kambo na baba wa kambo ni habari nyingine. Wao huletwa na ndoa.

Kuasili ni amri ya mahakama. Amri ikishatoka, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa mtoto unakoma, na sheria inamhesabu kuwa mtoto wa waliomwasili. Anaweza kubeba jina lao, ana haki katika mirathi yao, na hakuna ofisa atakayepiga hodi kuja kumrudisha kwao. Malezi ya kambo hayakati undugu wowote. Mama mzazi anabaki kuwa mama, hata kama amelazwa hospitali miaka miwili au anatumikia kifungo. Mlezi anapewa kazi ya kila siku: chakula, shule, dawa, adabu, kukaa na mtoto kitandani usiku akishtuka usingizini. Kazi hiyo ni nzito na mara nyingi inafanywa kwa mfuko wa mlezi mwenyewe. Lakini haimpi mamlaka ya kumkata mtoto na kwao, wala kumpa ukoo mpya.

Mkanganyiko una sababu zake. Ya kwanza ni kwamba sheria yetu inamtaka anayeomba kuasili akae kwanza na mtoto kwa kipindi fulani, ofisa ustawi akifuatilia. Kwa hiyo wapo wanaoanza na kambo wakaishia mahakamani, na jirani anayetazama kwa nje haoni ilipoishia hatua moja na ilipoanzia nyingine. Ya pili ni mazoea yetu. Mtoto wa dada hulelewa kwa mjomba, mjukuu hukulia kwa bibi, na hakuna anayeandikiana karatasi. Mara nyingi inakwenda vizuri kwa sababu ukoo mzima unajua mtoto ni wa nani. Kwenye kambo hakuna ukoo wa kukumbuka kwa niaba ya mtoto. Kuna jalada la ofisi, na jalada likikosewa hakuna shangazi wa kulisahihisha.

Sababu ya tatu ni huruma, na hii ndiyo ngumu kuliko zote. Watu wanaona kusema "wa muda" ni kumpenda mtoto nusu. Hadithi tulizosimuliwa utotoni zimelichafua neno kambo, kwa hiyo mlezi mwema analikimbia, anamwambia mtoto "wewe ni wangu moja kwa moja," anampa jina lake na kuficha habari za kwao. Nia ni njema kabisa. Ila ameahidi kitu ambacho mahakama pekee ndiyo inayoweza kukitoa, na siku ofisa akija kusema mama amepata nafuu na anamtaka mwanawe, mtoto anaona amedanganywa na pande zote mbili.

Waislamu jambo hili walilimaliza zamani. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaagiza watoto wa kulelewa waitwe kwa baba zao, na juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa kafala: unamlea, unamsomesha, unampenda, na nasaba yake inabaki yake. Hana fungu katika mirathi ya mlezi, lakini mlezi anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali yake au kumpa hiba akiwa hai. Hakuna anayesema kafala ni pendo la nusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unataja malezi ya kambo, kafala na kuasili kila kimoja kwa jina lake, na sheria mpya ya Kenya nayo imeiingiza kafala. Waliozitunga waliona haja ya kutovichanganya.

Anayetaka kuyaona malezi ya kambo yakiwa wazi kabisa aende Kigoma. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, watoto waliovuka mpaka kutoka Burundi au Kongo bila wazazi huwekwa kwenye familia za wakimbizi wenzao. Wakati huohuo wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wanaendelea kuwatafuta ndugu zao. Mtoto anakula na wenyeji wake, anaitwa mwana na anatumwa maji kama wenzake, huku jina lake, la baba yake na la kijiji alichotoka yakiwa yameandikwa vilevile alivyoyataja alipofika. Yakibadilishwa hayo, hata kwa mapenzi, mama anayemtafuta upande wa pili hatampata.

Jina ndilo ninalotaka kukaa nalo kidogo, kwa sababu hapo ndipo vijana wanapokwama. Mtoto analetwa kwa mlezi akiwa na miaka sita. Mlezi anamwandikisha darasa la kwanza kwa jina la familia yake, ili wenzake wasimcheke na asiulizwe maswali. Jina hilo linapanda naye hadi cheti cha kidato cha nne. Wakati huohuo cheti cha kuzaliwa, kama kipo, kina jina la baba aliyemzaa, na jalada la ustawi lina hilohilo la kwanza. Akifika miaka 18 anakwenda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, nyaraka hazifanani. Bila namba ya NIDA hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana pa kupokelea hata malipo ya kibarua. Akiomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama ni yatima, vyeti vya vifo vya wazazi navyo vihakikiwe. Vya wazazi gani? Walezi wake wako hai na jina analo la kwao, lakini kisheria si wazazi wake. Mama yake mzazi alifariki, lakini hakuna karatasi inayomuunganisha naye. Hapo ndipo zinapoanza safari za kutafuta hati za viapo, kubadili jina rasmi na kufukua jalada katika ofisi ambako ofisa aliyelifungua ameshahamishwa mara mbili.

Jina likiwa sawa, bado kuna umri. Sheria inamtambua mtoto hadi miaka 18. Kijana wa nyumbani kwao akitimiza miaka hiyo hakuna kinachobadilika. Anaweza kurudia mtihani, kukosa kazi mwaka mzima, na kitanda chake bado kipo. Aliye chini ya kambo, siku hiyo usimamizi wa ustawi juu yake unafika mwisho, na kuendelea kukaa kunategemea moyo wa mlezi na uwezo wake. Wapo walezi wengi wanaoendelea naye, nawaheshimu sana. Lakini kijana anajua kwamba anakaa kwa hisani, na vijana wa hivyo hukubali kazi yoyote na chumba chochote ili wasionekane mzigo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala ya mwaka 2009 inataka maandalizi ya kujitegemea yaanze mapema, kabla kijana hajatoka, na msaada uendelee baada ya hapo. Kenya imeweka suala la vijana hao katika mkakati wake wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, na waliokulia kwenye malezi hayo wana chama chao, Kenya Society of Care Leavers, ambako aliyetangulia anamshika mkono anayefuata.

Huku kwetu Tanzania msaada upo vipandevipande. Kuna ofisa ustawi katika halmashauri, kuna vyuo vya ufundi vya VETA kwa anayetaka ufundi, kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambamo asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana, kuna namba 116 ya bure kwa mtoto anayeteswa, pamoja na huyo anayeteswa na mlezi wake. Shida ni kwamba kijana wa kambo mara nyingi hajui kama yeye ni wa kambo. Aliambiwa ameasiliwa. Kwa hiyo haulizi jalada lake, hamtafuti ofisa wake, na anasubiri urithi ambao sheria haimpi.

Basi wewe unayelea mtoto wa mwenzio, angalia karatasi uliyonayo. Kama ni amri ya mahakama, umeasili, hongera, na hakuna atakayekubishia. Kama ni barua ya ustawi wa jamii, wewe ni mlezi wa kambo: mwandikishe mtoto shuleni kwa jina alilokuja nalo, mpe habari za kwao kadiri umri wake unavyoruhusu, na kama kweli unataka awe wako kisheria, mwone ofisa ustawi akuongoze upeleke maombi mahakamani kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Kama huna karatasi yoyote, nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yako ukajiandikishe, na siku hiyohiyo uliza habari za cheti chake cha kuzaliwa. Chukua kadi ya kliniki kama ulipewa, RITA wataihitaji.