Mawingu yapi?

Kila nikijitambulisha kuwa ni mtabiri wa hali ya hewa, hakosekani wa kunitolea methali: dalili ya mvua ni mawingu. Sawa, lakini mawingu yapi?

Chukua lile duara kubwa jeupe linalouzunguka mwezi. Babu yangu, mvuvi wa Pangani, akiliona tu hatoki. Ngalawa ataivuta hadi chini ya minazi. Duara hilo hutokana na chembe za barafu katika mawingu membamba yaliyo kilomita kadhaa juu. Mwanga ukipita ndani yake hupinda kwa nyuzi 22 hivi. Nyoosha mkono, ziba mwezi kwa kidole gumba, kisha pima shubiri: kidole cha mwisho kitafika karibu na ukingo wa duara.

Ulaya, mawingu hayo mara nyingi hutangulia mvua iliyo njiani. Huku kwetu karibu na ikweta, aghalabu ni mabaki: mvua ya radi imenyesha kwingine, kilele cha wingu lake kikatandazwa na upepo wa juu. Babu alikuwa anasoma habari za mvua ya wenzake. Mimi ningehofia zaidi upepo unaogeuka ghafla na kuja wa baridi. Huo ni pumzi ya mvua iliyokwisha kuanza kumwagika jirani.

Kumbikumbi nao tunawasingizia kuwa hutabiri mvua. Wengi huruka baada ya ardhi kulowa, maana lazima wachimbe makao mapya. Watoto wanaopiga ngoma juu ya kichuguu ili watoke wanalijua hilo: wanaigiza mvua.

Dalili za msimu mzima ndizo ngumu. Mti huchanua kwa joto na unyevu ambao umeshaupata. Ya mbele haujayaona. Hata hivyo sizidharau. Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, magharibi mwa Kenya, unaojulikana kwa kutabiri mvua kijadi, umewahi kukaa na wanasayansi na kulinganisha utabiri kabla ya msimu. Hapo kwenye "kabla" ndipo penye kazi, kwa sababu mvua ikishanyesha kila mtu alikuwa ameiona dalili.

Shangazi yangu anashikilia kwamba maembe yakizaa sana, mvua itakuwa haba. Nimemnunulia daftari aandike kila mwaka miembe inapochanua. Juzi nimelifungua: ukurasa wa kwanza una bei za nazi.